Safu Iliyoitwa Njia

Boti ya injini ya kubebea wagonjwa wa Ziwa Nyasa ilipangiwa zahanati ya milimani, katikati ya mashamba ya kahawa, mahali ambapo maji ya karibu kabisa ni ya kisima. Barua ya kuipeleka huko ilisainiwa na mratibu wetu, lakini ramani iliyoambatanishwa nayo niliichora mimi. Niliichora kwa msimbo, kurasa chache za amri ambazo kompyuta inazisoma na kuzitii, na kila amri ilitiiwa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Programu ingekosea, ningepata wa kumlaumu.

Nianze ilikoanzia.

Mimi ni mtakwimu wa kuja. Kwetu ni Dodoma. Niliajiriwa Mbinga kwenye mradi wa afya ya mama na mtoto wenye ofisi ya vyumba vitatu, bango kubwa kuliko ofisi, na mratibu aliyelitumia neno "kisayansi" kama mpishi asiye na uhakika anavyotumia chumvi. Kila kitu alikitia. Chai ya saa nne iligawiwa kisayansi. Mradi ulihudumia pande mbili: milima ya Wamatengo, wanakolima kahawa na mahindi kwenye miteremko ambayo mimi naipanda kwa mikono, na ufukwe wa ziwa huko chini. Wenyeji hawasemi wanakwenda ziwani. Wanasema wanashuka, na kurudi ni kupanda, na mtu akikaa Mbinga wiki moja tu magoti yanamfundisha kwamba hizo ni safari mbili tofauti. Kompyuta haina magoti. Kwake kushuka na kupanda ni mstari uleule.

Mradi ulikuwa umepata boti moja. Ingewekwa kwenye kituo kimoja, kile ambacho wagonjwa wake wanapata taabu kuliko wote kuifikia hospitali. Vijiji vya ufukweni vilivyoihitaji vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na msemaji wake. Mratibu alituita akasema hataki siasa, anataka ramani. Nichore njia zote za wagonjwa, kutoka kila zahanati mpaka hospitali, nizipange kwa urefu wa safari, na ramani ndiyo iseme boti iende wapi.

"Ramani haina ndugu," alisema.

Nilikubali haraka. Nilikuwa nimejifunza kuandika msimbo kwa kujisomea na nilikuwa natafuta mahali pa kuuonyesha. Jambo moja tu nilijifunza mapema, kutolitamka neno msimbo kwa Kiingereza mbele ya watu. Mwenye nyumba wangu, mkulima wa kahawa, aliwahi kuniuliza kazi yangu nikamwambia ninaandika "kodi". Kwa wiki mbili hakunisalimia.

Kwanza nilishuka ufukweni kuchukua vipimo vya mahali kila zahanati ilipo. Katika kijiji kimoja cha kata ya Lundo nilimkuta mkunga akianika mashuka nyuma ya zahanati. Ni mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu wenye uchungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na boti?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuchukua latitudo na longitudo."

"Chukua, mwanangu. Hizo tunazo nyingi. Boti ndiyo hatuna."

Nilisimama mlangoni nikiwa nimeinua simu juu ili ishike satelaiti, naye akanieleza. Kiangazi gari linafika. Masika mito miwili inakata barabara, na mgonjwa anapelekwa hospitali ya misheni ya Liuli kwa mtumbwi, wapiga kasia wawili mbele na nyuma, yeye katikati ameshikilia dripu. Masika yaliyopita alimpeleka mama aliyekuwa akitokwa na damu. Majengo ya misheni yalikuwa yameshaanza kuonekana.

"Nilikuwa nimemshika mkono," alisema, "nikajua. Wale vijana waliendelea kupiga kasia na sikuwaambia. Ningewaambia wangelegea, na tulikuwa bado majini."

Kisha akaniuliza kama nimemaliza kuchukua vitu vyangu. Nilikuwa nimemaliza. Niliandika tarakimu sita baada ya nukta, usahihi ambao unaweza kukuonyesha mtu amesimama upande gani wa mlango.

Niliporudi Mbinga nikaandika msimbo. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, si ngumu kueleza. Unaipa kompyuta jedwali. Kila mstari wa jedwali ni zahanati moja, na kila safu ni jibu la swali moja: kituo kinaitwaje, mgonjwa anakwenda hospitali gani, anapitia wapi, anatumia muda gani. Programu inachukua jina la mahali anapopitia, inaliuliza kwenye orodha kubwa ya majina ya mahali iliyoko mtandaoni, inapata nukta, kisha inachora mstari kutoka kituoni, kupitia hapo, mpaka hospitalini. Safari ndefu inapakwa rangi nyekundu, fupi kijani. Mtu yeyote akiitazama anaona nani anateseka.

Sasa, anayeandika msimbo ana adabu zake. Jina la safu liwe fupi, herufi ndogo, bila nafasi katikati, maana nafasi inaisumbua programu. Swali langu la tatu lilikuwa "Njia anayopitishwa mgonjwa wa dharura kufika hospitali". Nikalikata likawa *njia*. La nne, "Muda wa safari", likawa *muda*. Nilijisikia msafi kama mtu aliyefagia uwanja. Na kwa kuwa zahanati nyingi hazina mtandao wa kuaminika, nilichapa fomu za karatasi moja kwa moja kutoka kwenye jedwali hilohilo, na juu yake mratibu akaamuru kuandikwe kwa herufi kubwa: HUDUMA ZA MAMA NA MTOTO. Kituo. Hospitali. Njia. Muda.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ameshaelewa. Mimi sikuwa nimewahi. Katika zahanati za nchi hii, neno njia likitamkwa chini ya maneno mama na mtoto, lina maana moja tu. "Unatumia njia gani?" si swali la msafiri. Ni swali la uzazi wa mpango, na majibu yake yanajulikana.

Wauguzi na wakunga wa pande zote mbili walijaza kwa uaminifu mkubwa. Sindano. Kijiti. Vidonge. Sindano. Kwenye muda waliandika kwa mkato wao wa kazini, ambapo 3/12 ni miezi mitatu na 28/7 ni siku ishirini na nane. Zahanati moja ya milimani, yenye mganga mfawidhi aliye pia mwalimu wa dini parokiani, iliandika kwamba njia yake ni kalenda, muda 28/7.

Fomu zilirudi. Karani wetu, dada wa Kingoni mwenye ulimi wa kukata kamba, alizipiga zote kwenye jedwali bila kuacha nukta. Mimi sikuzisoma. Kuzisoma ilikuwa kazi ya msimbo, na mimi ndiye niliyeufundisha kusoma. Nilikuwa nimeuelekeza kwamba penye alama ya mkwaju, kile kistari cha mshazari, uchukue namba ya kwanza na kuihesabu kuwa saa. Basi sindano ikawa safari ya saa tatu, kijiti cha miaka mitatu nacho saa tatu, na vidonge vya 1/12 saa moja. Kalenda ikawa safari ya saa ishirini na nane.

Lile swali la mahali nalo lilijibiwa. Kule Masasi, mkoa mwingine kabisa, kuna kata inaitwa Sindano. Orodha ya mtandaoni iliijua. Ikanipa nukta yake kwa ukarimu, na programu ikachora. Kalenda haikupatikana popote, na kwa jina lisilopatikana nilikuwa nimeuagiza msimbo uchore mstari ulionyooka na kuendelea na kazi, usinisumbue. Haukunisumbua.

Kikao cha kuwasilisha ramani kilifanyika katika ukumbi wa kukodi mjini Mbinga. Walikuwapo wageni wawili kutoka makao makuu ya mradi, na wauguzi na wakunga wa vituo vyote, waliopangwa viti vya nyuma kwa sababu ndio waliofanya kazi. Mkunga wa Lundo alikuwa karibu na dirisha. Alikuwa amepanda tangu jana yake, na alipopita mlangoni aliniuliza tu, "Leo ndiyo siku ya boti?" Nikamwambia ndiyo.

Niliwasha projekta. Ramani ilijaa ukuta mzima, na nasema kweli, ilikuwa nzuri. Kutoka ufukweni mistari saba ilipanda milima, ikavuka Songea, ikapita Tunduru, ikafika Masasi, ikageuka na kurudi ziwani mpaka Liuli. Ilifanana na nywele zilizochanwa upande mmoja. Kwa mujibu wa jedwali, safari hiyo yote ya kwenda na kurudi ilikuwa ya saa tatu, mwendo ambao hata ndege ya waziri ingeuonea wivu. Na huko milimani, peke yake, ilisimama zahanati moja nyekundu kama jipu: saa ishirini na nane.

Mgeni mmoja aliinua kalamu. "Hii mistari inayokwenda mashariki, inaishia wapi?"

"Masasi," nilijibu. Nilikuwa nimeliona jambo hilo jioni iliyotangulia na nikajiambia huenda kuna rufaa maalumu ambayo mgeni kama mimi siijui. Mtu wa kuja hujifunza kutoshangaa, na mara nyingine anajifunza kupita kiasi.

"Wajawazito wa Nyasa wanapelekwa Liuli kwa kupitia Masasi?"

Mratibu alisimama kabla sijafungua mdomo. "Hizo ndizo changamoto ambazo mradi umekuja kuzitatua kisayansi."

Mgeni aliandika. Mwenzake naye akaandika, akitazama alichoandika wa kwanza. Mshereheshaji akatangaza kwamba mtaalamu apigiwe makofi ya kilo, na watu wakanipimia, kilo moja, kilo mbili. Ndipo mratibu akasoma uamuzi: boti iende kwenye kituo chenye safari ndefu kuliko vyote, kama ramani ilivyosema. Akakitaja. Kule nyuma watu wakatazamana, kama wanaojaribu kukumbuka mto mkubwa waliousahau.

Mkunga wa Lundo aliinua mkono.

"Naomba kuuliza. Pale mistari inapogeukia, pameandikwa nini? Macho yangu hayafiki."

"Sindano," nikasoma.

"Sindano ya miezi mitatu?"

Kicheko kilianzia kwenye dirisha, kikapita kiti kwa kiti mpaka viti vya mbele, ambako kilikufa kwa sababu wageni hawakuwa wamekielewa. Mkunga hakucheka. Alikuwa bado anatazama ukuta, na nilimwona akipiga hesabu.

"Na huyo wa ishirini na nane ni nani?"

Mganga mfawidhi wa zahanati ya milimani alisimama taratibu, kofia mkononi. "Ni mimi, mama. Hizo ni siku. Ni kalenda. Sisi kule ndiyo njia tunayofundisha, na niliona swali linauliza njia."

"Basi umetushinda wote, daktari," muuguzi mmoja alisema. "Sisi na vijiti vyetu."

"Mimi mwenyewe niliandika sindano," mkunga alisema, sasa akiniangalia mimi. "Nimejichoma kwa mkono wangu."

Mratibu alisema maoni yote yamepokelewa na kwamba chakula kiko tayari.

Niliamini kikao kimeua barua ile. Sikujua kwamba muhtasari wa kikao ulikuwa umechapwa siku moja kabla ya kikao, ili wageni waondoke nao. Ndani yake wajumbe walikuwa wameshairidhia ramani kwa kauli moja. Nilimwambia mratibu kwamba jedwali zima halifai. Aliniuliza kama programu ilikuwa imetoa ujumbe wowote wa kosa. Nikasema hapana.

"Basi kosa liko wapi?" alisema, na barua ikaenda.

Wiki haikuisha kabla mganga mfawidhi wa milimani hajaingia ofisini na barua yake ndani ya bahasha ya plastiki. Alimsalimia karani, akanisalimia mimi, akaketi, akaikunjua juu ya goti.

"Nimekuja kuuliza kwa nia njema. Hiyo boti niifunge kwenye mbuni upi?"

"Daktari, usiseme hivyo," karani alisema. "Si mna ngoro?"

Ngoro ni mashimo ya mraba ambayo Wamatengo wanayachimba mlimani kote ili mvua isichukue udongo. Mlima unabaki umejaa vyumba vidogo kama sega la nyuki.

"Ngoro zinashika maji," mganga alikubali, "lakini si maji ya injini." Kisha akageuka kwangu. "Kijana, mimi sitaki kuonekana nimekataa mali ya wananchi. Nikiirudisha hii barua wataandika kwamba kituo changu hakina ushirikiano. Niandikie karatasi kwamba huko kwangu hakuna ziwa."

Nilimwandikia. Naamini ni waraka pekee wa serikali au wa mradi, katika kabati zetu zote, unaothibitisha kutokuwapo kwa ziwa. Mratibu aliupiga muhuri.

Mganga alipoondoka, nilimuuliza karani kwa nini alipiga sindano na vijiti jedwali zima bila kuniambia.

"Kaka, mimi nilijua mnataka kujua watu wanajikingaje. Nikasema mradi huu sasa umeingia mpaka vyumbani. Ningekuuliza nini? Nyie wa Dodoma mkiona maji mnachanganyikiwa, nikakuacha."

"Lakini mimi nilitaka ramani."

"Juu ya fomu palikuwa na mama na mtoto. Chini palikuwa na njia. Ramani ulikuwa nayo wewe kichwani."

Sijapata jibu zuri zaidi ya hilo katika mafunzo yoyote niliyohudhuria.

Tulirudia kazi. Safari hii makao makuu waliamua maandishi ya mkono ndiyo yaliyotuponza, wakatutengenezea fomu ya simu ambayo mtu haandiki, anachagua. Mimi nilipewa kuiunganisha na msimbo. Swali la sita ni "Aina ya barabara kutoka kituoni hadi hospitali", na majibu ni matatu: lami, changarawe, udongo. Bila kuchagua moja, fomu haiendi swali la saba. Nilipoiona niliomba liongezwe jibu la nne, ziwa. Nilijibiwa kwamba orodha imeshaidhinishwa na wataalamu, kwamba ziwa si aina ya barabara, na kwamba pendekezo langu litapelekwa kwenye kikao. Tarehe ya kikao haikutajwa. Boti itapangiwa kituo pindi vituo vyote vitakapokuwa vimetuma, na mratibu alisisitiza neno vyote.

Mkunga wa Lundo alinipigia mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza.

"Mtakwimu, nimefika swali la sita. Wananiuliza barabara."

"Najua, mama. Chagua inayofanana na hali yako."

"Hali yangu ni maji. Maji hayamo. Nikichagua udongo itakuwaje?"

Nilikuwa na msimbo mbele yangu, nikamwambia ukweli. Akichagua udongo, programu itaifuata barabara iliyoko kwenye ramani, ile ya kiangazi, ambayo haijui kama kuna mto uliojaa. Itampa safari fupi. Kijiji chake kitapakwa kijani, na boti itakwenda kwa mwingine.

"Na nisipochagua?"

"Fomu haitatumwa, mama. Kijiji hakitakuwamo kabisa."

Nyuma yake nilisikia mvua juu ya bati na mtu akiuliza ndoo iko wapi.

"Kwa hiyo nikisema udongo nimesema uongo na nimekosa boti. Nikinyamaza sipo."

"Ndivyo ilivyo kwa sasa."

"Majibu haya uliyapangaje wewe, mwanangu?"

Nikamwambia orodha si yangu. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Akasema ana mama mmoja wa mimba ya nane, tumbo limeshashuka, na mto wa kwanza umeshapita kiunoni. Akasema atafikiri.

Nimeandika kwa makao makuu mara tatu kuhusu swali la sita. Boti iko nyuma ya ofisi yetu, juu ya magurudumu ya trela, imefunikwa turubai. Vituo vingine vyote vimeshatuma. Kila asubuhi nafungua orodha, na kituo cha mkunga bado kinaonekana na alama ya njano: kimeanza kujaza, hakijamaliza.